Barua Iliyokosa Muunga Mkono

Ukitaka kujua dini za mji ule zinaendeleaje, usiende kwenye nyumba za ibada. Nenda kwenye rafu ya fundi wa spika. Siku niliyoingia dukani kwake, na kinasa sauti changu kilichonifia safarini, rafu ya juu ilikuwa na amplifaya ya msikiti iliyofunguliwa tumbo. Pembeni yake miksa ya Wakatoliki ililala chali, na chini kabisa, kwa sababu ya uzito na pengine kwa sababu ya tabia, zilisimama spika mbili za Walokole zilizopasuka kwa furaha. Nimeona mikutano ya maridhiano ya dini iliyojaza hoteli nzima, lakini sijaona dini zikikaa pamoja kwa amani kama pale. Labda ni kwa kuwa zote zilikuwa zimechomolewa umeme.

Fundi mwenyewe alikuwa mwembamba, umri sitini na kitu, miwani mbili shingoni na hakuna hata moja puani. Alinipa kikaratasi chenye namba, akaniambia nirudi baada ya siku mbili. Ahadi ya fundi unaijua. Nilikwenda na kurudi kwa wiki tano, mpaka nikawa na kigoda changu.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, kimegawanywa kwa pazia la maua. Mbele ya pazia alikaa yeye na chuma chake cha kulehemu. Nyuma yake alikaa mkewe na cherehani, akishona sare za shule. Walikuwa na miaka thelathini na minne ya ndoa, na mingi kati ya hiyo walikuwa wamesikizana zaidi ya walivyoonana.

"Mama, mkasi mdogo uko wapi?"

"Uko mkononi mwako."

"Nimeupata."

Huyu fundi alikuwa Mpresbiteri wa kuzaliwa na mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa. Baraza la wazee lilikuwa limemkabidhi Kamati ya Uhusiano na Makanisa na Dini Nyingine. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya matangazo, alipanda mimbari ndogo na kusoma ukurasa mmoja ulioitwa Habari za Majirani. Waumini waliosinzia kwenye mahubiri waliamka kwa ajili ya ukurasa huo. Kusengenya ni dhambi, lakini kupokea taarifa ya kamati ni wajibu.

"Wakatoliki wamepata maikrofoni mpya tatu," alisoma Jumapili niliyohudhuria. "Padri wao bado anaishika kama mtu anayelamba aiskrimu, lakini kamati inaamini atazoea. Ndugu zetu Walokole wameunguza amplifaya kwa mara ya tatu. Kamati inawaombea, na inawashauri wapunguze besi. Msikiti umebadili nyaya za mnara. Majirani wanaopanga saa zao kwa adhana wasihofu. Kazi ilikwisha kabla ya alasiri."

Utasema hizo si habari za uhusiano wa dini, ni habari za umeme. Mimi nilidhani hivyo mpaka nikaona kwamba kila aliyetajwa alikuwa amekwisha kusikia ametajwa kabla ya jua kuzama, na keshoye alipita dukani kulalamika na kunywa chai.

Sasa, Wapresbiteri hawafanyi jambo bila kikao. Wengine wakipata wazo huomba. Hawa huliandikia ajenda. Panahitajika mtoa hoja, muunga mkono, kura na kumbukumbu zilizosainiwa, na kumbukumbu nazo husomwa katika kikao kinachofuata ili kuthibitisha kwamba kilichosemwa kilisemwa. Fundi aliupenda utaratibu huu kama alivyopenda nyaya zilizofungwa vizuri. Tatizo ni kwamba kamati yake ilikuwa ya watu watatu. Mmoja alihamia kwa bintiye mbali sana, wa pili akafa, na hakuna aliyekumbuka kujaza nafasi zao. Fundi hakutaka kusumbua. Aliendelea.

Kila Alhamisi ya pili ya mwezi, saa kumi alasiri, alifuta meza, akavaa miwani moja, akafungua daftari na kufungua kikao. Nilishuhudia kimoja.

"Ajenda ya kwanza," alisoma kwa sauti, akitazama spika za Walokole. "Salamu kwa kanisa jirani kwa kufungua darasa la watoto. Natoa hoja tupeleke salamu. Je, kuna anayeunga mkono?"

Cherehani ilinyamaza nyuma ya pazia.

"Naunga mkono," sauti ya mkewe ilisema. "Zima hicho chuma uje ule."

Fundi aliandika. Kwenye nafasi ya mtoa hoja aliweka jina lake. Kwenye nafasi ya muunga mkono aliweka jina lake tena, maana hakuwa tayari kuiandikia Presbiteri, baraza lililo juu ya kanisa lao, kwamba hoja iliungwa mkono na pazia.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka miwili, na yangeendelea kama isingekuwa kifo cha imamu mzee.

Kifo hicho kilitokea miezi minane kabla sijafika. Kwa fundi, imamu hakuwa mtu baki. Zamani, fundi alipoanza kazi bila cheti wala jina, hakuna aliyemwamini hata na redio ya betri. Imamu ndiye aliyepanda ngazi mwenyewe, akashusha spika za mnara na kuzileta kwa mkokoteni. "Ukiziharibu nitaadhini kwa mdomo," alimwambia. "Koo langu bado lipo." Spika zikapona, na kwa kuwa za msikiti zilisikika mji mzima, mji mzima ukaja.

Alipofariki, fundi aliitisha kikao cha dharura, akatoa hoja, akaandika barua. Mkewe alinisomea nakala yake. Ilikuwa fupi: "Kanisa letu limepokea kwa huzuni habari za kuondokewa kwenu. Marehemu alikuwa jirani. Alituamini kabla hatujathibitisha kitu. Mungu awape subira." Chini yake, kwa kuwa Mpresbiteri ni Mpresbiteri hata akilia, aliambatisha dondoo ya kumbukumbu: mtoa hoja, fundi, muunga mkono, fundi. Akagonga muhuri wa kanisa. Msikiti uliiweka barua kwenye fremu, ukaitundika ofisini chini ya saa.

Wiki yangu ya tatu pale, baraza la wazee lilipata karani mpya. Alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama, na alikuwa mtu ambaye hata akisalimiwa hutazama kama salamu imeletwa kwa wakati. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua madaftari ya kamati zote. Fundi alitoka kwenye kikao cha Jumamosi hiyo akiwa na rangi ya majivu, akaketi mbele ya pazia na kusimulia yote, neno kwa neno. Kumbukumbu ilikuwa ugonjwa wake.

"Mzee mwenzetu," karani alikuwa amemwuliza, "katika kikao cha kumi na sita cha kamati yako, nani alitoa hoja?"

"Mimi."

"Nani aliiunga mkono?"

"Mimi."

"Kulikuwa na aliyepinga?"

"Nilisitasita kidogo mwanzoni," fundi alijibu kwa unyofu, "lakini nikashawishika."

Mchungaji, kijana mpenda amani, alikuwa amekohoa kwenye leso. "Karani, hizi ni salamu na rambirambi tu."

"Mchungaji, leo rambirambi bila akidi, kesho ubatizo bila maji. Kanuni inataka watu wawili kwenye kikao. Huyu ni mmoja, hata akisaini mara mbili."

Uamuzi ulikuwa huu. Vikao vyote ishirini na vinne ni batili. Habari za Majirani zisimame. Salamu nyingine zilikuwa zimekwisha kupotea huko zilikokwenda, lakini barua moja yenye muhuri ilijulikana ilipo, maana ilikuwa inaning'inia ukutani. Irudishwe kabla ya kikao cha Jumamosi iliyofuata. Fundi asipoirudisha, karani ataandika mwenyewe kuueleza msikiti kwamba kanisa halikuwahi kutuma rambirambi.

"Yaani imamu aliombolezwa kimakosa," mkewe alisema nyuma ya pazia. "Na mkirudishiwa rambirambi zenu, yeye naye anarudi?"

"Mama, usitanie."

"Sitanii. Nauliza kama mtu wa kawaida asiye na kamati."

Fundi hakula siku ile. Ukurasa wake ungeweza kufa; hilo lilimuuma, lakini angelivumilia. Jambo lililomshinda ni kusimama mbele ya msikiti ule na kusema kwamba maneno yale hayakusemwa. Na asiposema yeye, karani angeyasema kwa muhuri.

Jumatatu aliniomba nimsindikize. Alisema mgeni akiwepo watu hugomba kwa adabu. Tulimkuta katibu wa msikiti ofisini, mkaguzi wa shule mstaafu, kofia safi, penseli nyekundu nyuma ya sikio kama kiungo cha mwili. Barua ilikuwa ukutani mbele yetu, kioo chake kimepanguswa.

"Karibu, fundi. Amplifaya imekwisha?"

"Bado, Mwalimu. Nasubiri kifaa."

"Umesubiri kifaa hicho tangu mvua zilizopita. Kaeni."

Fundi aliketi, akasimama, akaketi. Kisha akaeleza yote bila kujitetea, macho yakiwa sakafuni. Katibu alisikiliza mpaka mwisho, akaondoa penseli sikioni na kuiangalia.

"Mimi niliona siku ileile ya kwanza," alisema. "Nimekagua shule miaka thelathini, jina likijirudia naliona hata nikiwa nimefumba macho. Mtoa hoja wewe, muunga mkono wewe."

"Ukanyamaza?"

"Nilimwambia mke wangu, huyu bwana ana huzuni ya watu wawili. Nikaitundika."

Fundi alivua miwani ambayo hakuwa ameivaa.

"Lakini sasa unataka niirudishe," katibu aliendelea, na sauti ikarudi kuwa ya ukaguzi. "Kwa kifungu gani?"

"Kifungu?"

"Kamati yangu iliipokea barua hii, ikaandika kwenye kumbukumbu kwamba imeipokea. Siwezi kubandua kitu kilichoandikwa kwa sababu karani wa watu wengine amekunja uso. Niletee hicho kitabu chenu cha kanuni. Nikikiona kifungu, nitaibandua mwenyewe. Nisipokiona, mtaniwia radhi."

Jioni ileile fundi alimpelekea kitabu, kimefungwa kwenye gazeti. Ndani ya kanisa lile sidhani kama walikuwepo watu watatu waliowahi kukisoma chote. Kila mmoja alikijua kwa kutajiwa na mwingine. Katibu wa msikiti alikisoma siku tatu, jalada hadi jalada, na viambatisho.

Alhamisi saa tano asubuhi tulisikia hodi. Katibu aliingia na kitabu kikiwa na vikaratasi pembeni kama mkia wa jogoo.

"Ukurasa wa kumi na nane unapingana na wa arubaini na moja," alisema badala ya salamu, "na mtu aliyeandika sehemu ya mazishi alikuwa na haraka. Hayo mtajijua. Mama yupo?"

"Niko huku," pazia lilijibu. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Swali moja tu. Katika Umoja wa Wanawake wa kanisa lenu, wewe una kazi gani?"

"Katibu. Huu mwaka wa saba, na kila mwaka naomba wachague mwingine."

Katibu wa msikiti alifungua ukurasa, akavuta pumzi kama anayesoma majina ya waliofaulu. "'Katibu wa Umoja wa Wanawake atakuwa mjumbe wa kamati zote za kanisa kwa wadhifa wake, naye atahesabiwa katika akidi.'"

Cherehani ilisimama. Pazia lilisogea, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuja pale nikamwona mama yule akitoka kwenye upande wake akiwa na futi ya kupimia shingoni.

"Kamati zote?" aliuliza.

"Zote."

"Hata hii?"

"Hasa hii, maana ndiyo uliyohudhuria."

Alimgeukia mumewe taratibu. "Kwa hiyo miaka miwili mimi ni mjumbe. Miaka miwili nakaa kikaoni. Na hakuna hata siku moja mjumbe huyu aliletewa chai."

"Mama, sikujua."

"Ungejuaje? Kitabu ni chenu."

Jumamosi nilikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha wazee, dirisha likiwa wazi. Karani alikisoma kifungu mara tatu, akageuza kitabu kutazama mwaka wa kuchapwa, akaguna. Kisha akaomba mama aitwe. Aliingia na gauni la kanisani na mkoba, kama mtu anayekwenda kuhojiwa benki.

"Mama, katika vikao hivi ulikuwepo?"

"Ni nyumbani kwangu. Ningekuwa wapi?"

"Uliunga mkono hoja hizi?"

"Kila moja."

"Kwa maneno gani? Nataka maneno yenyewe."

Mama alifikiri kidogo. "Naunga mkono, zima hicho chuma uje ule."

Mzee mmoja upande wa dirisha aliinama kama ameangusha kitu. Karani hakucheka, lakini kalamu yake ilikaa hewani muda mrefu.

"Hiyo sehemu ya pili," alisema hatimaye, "ni hoja nyingine. Ilijadiliwa?"

"Haikuwahi kupingwa," fundi alisema.

"Na ile barua ya imamu. Siku hiyo pia ulisema hivyo?"

"Siku hiyo hapana." Mama alishusha mkoba magotini. "Siku hiyo nilisema naunga mkono tu. Alikuwa analia juu ya spika za watu. Sikumwita kula."

Karani aliandika, akaandika tena, kisha akasoma kwa sauti ya mahakamani: vikao vyote ishirini na vinne ni halali, jina la muunga mkono lifutwe na liandikwe la katibu wa Umoja wa Wanawake, Habari za Majirani ziendelee, barua ibaki ilipo, ila nakala ya msikitini nayo isahihishwe, kwa kuwa kosa likitundikwa ukutani linakuwa mafundisho. Baada ya hapo akavua miwani, na kwa mara ya kwanza akaongea kama jirani.

"Mimi pia nilizikwa... yaani, nilihudhuria maziko yake," alisema, akajikwaa, akaona haya. "Alikuwa mtu mwema. Ndiyo maana nilitaka iwe sawa."

Nadhani ndipo nilipomwelewa. Hakuwa akiipinga rambirambi. Alikuwa mmoja wa wale wasioamini kwamba neno zuri litasimama bila kupigiliwa misumari.

Keshoye, baada ya ibada, mama alikwenda msikitini na kalamu yake. Katibu aliishusha fremu, akatoa kioo, akampa kiti. Mama alilikata jina la mumewe kwenye nafasi ya muunga mkono kwa mstari mmoja na kuandika lake juu, polepole, kwa mwandiko wa mtu anayeweka alama kwenye kitambaa kabla ya kukata. Katibu aliweka alama ndogo ya vema kwa penseli nyekundu, kisha barua ikarudi chini ya saa.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kuchukua kinasa sauti changu, ambacho kilikuwa kimepona kila kitu isipokuwa sauti. Saa kumi ilikuwa imefika. Pazia lilikuwa limefungwa kwa kamba pembeni, na mama alikuwa ameketi mezani na ajenda yake mwenyewe na kikombe cha chai kilicholetwa na mwenyekiti, yaani mumewe. Katibu wa msikiti alikuwa mlangoni kwenye kigoda changu, akingoja amplifaya.

Fundi alisafisha koo. "Natoa hoja kwamba kamati hii imwandikie Mwalimu barua ya shukrani, yenye aya nne, nakala kwa baraza, nakala kwa Presbiteri. Je, kuna anayeunga mkono?"

"Napinga," mama alisema.

Fundi alimtazama kama mtu aliyesikia spika ikiongea bila waya. Katika miaka miwili ya kamati ile hakuna hoja iliyowahi kupingwa na mtu mwingine.

"Kwa sababu gani, mjumbe?"

"Mtu mwenyewe amekaa hapo mlangoni. Mwambie kwa mdomo."

Kura zilikuwa moja dhidi ya moja. Fundi aliangalia daftari, lakini daftari halikuwa na mstari wa jambo kama hilo. Akaweka kalamu chini, akageuka kwenye kiti mpaka akamkabili katibu wa msikiti, na ikachukua muda kabla midomo haijapata njia bila ya maandishi mbele yake.

"Ahsante, Mwalimu," alisema. "Ahsante sana."

Katibu alitikisa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea daftari lililosahihishwa. Kisha akauliza amplifaya itakuwa tayari lini.

"Siku mbili," fundi alisema.

"Napinga," alisema mama.